Kuku Kumi na Wawili Niliowaosha Miguu

Nyinyi mlioachiwa meza yangu upande wa kuku mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi hii, ili mpate ujanja. Ujanja nitawapa. Lakini nimehesabu miaka yangu ya sokoni mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili nimefika kwa kuku kumi na wawili nikakwama. Nitaanza mwanzo. Nikifika kwao sitaruka.

Nilikuja Eldoret na mume wangu kutoka Murang'a, mwaka ambao watoto wa shule walianza kupewa maziwa ya bure. Yeye alikuwa amepata chumba cha duka, cha chumvi na sabuni na mafuta ya taa, na duka lile halikutosha watu wawili kusimama ndani, sembuse kuwalisha. Nikaenda sokoni. Siku ya kwanza nilinunua kuku sita, nikauza watano. Wa sita alifia mkononi mwa mteja, akiwa anampima uzito. Mteja alinirudishia maiti kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akaenda meza ya pili.

Aliyeniokoa ni Mama Kerubo, Mkisii mmoja mnene mwenye sauti ndogo, ambaye meza yake ilipakana na yangu. Alinionea huruma, au alichoka kuona nikimharibia upande ule wa soko. Alinifundisha kushika mfupa wa kifua kwa kidole gumba: ukikukata kama kisu, kuku hana nyama. Alinifundisha kuinua mkia na kupuliza manyoya. Pakiwa pamelowa kijani, weka chini, nenda nawa. Akanionyesha upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, macho, na pumzi. Na alinifundisha jambo la pili ambalo nililishika haraka kuliko la kwanza: kuku anayesinzia, uza asubuhi. Kwa wale walioamka wamesinzia zaidi, alikuwa na maji ya pilipili ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Matone mawili mdomoni na kuku anasimama kama askari kwa muda wa saa moja. Saa moja inatosha kuuza kuku.

Sisi tuliuita ugonjwa ule upepo. Watu wa mifugo walikuwa na jina lao, kideri, na walisema ni ugonjwa wa kuambukizana, kuku kwa kuku, kwa mavi na kwa viatu na kwa matenga. Sisi tuliona unakuja wakati wa kiangazi, wakati vumbi linapopeperuka, tukasema ni upepo. Upepo hauna mwenyewe. Hakuna mtu wa kuulizwa.

Na wateja hawakuuliza. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu hata leo mnawalaumu wateja kwa mambo mengi na mengine ni ya kweli. Mteja wa kuku wa kienyeji alikuwa na imani yake na huwezi kumtoa. Kuku wa kienyeji ni yule anayejitafutia. Amelala juu ya mti, amekula mchwa, amechokora jaa la majirani watatu. Mchuzi wake unatoka huko. Ukimwambia kuku huyu amefugwa ndani ya uzio, amepewa maji safi, anakuangalia kama umemwambia huyu kuku ana degree. Atageuza miguu yake aone kama ina matope katikati ya vidole. Akikosa matope, anasema, "Huyu ni wa gredi," yaani wa kisasa, anaondoka. Kuhusu ugonjwa walikuwa na jibu moja tu, kwamba moto unaua kila kitu.

Kwa tumbo lao walikuwa sawa. Sijawahi kusikia mtu aliyeuawa na mchuzi wa kuku wangu, na msifikiri sikutega sikio. Lakini safari ya kuku haiishi tumboni. Manyoya na matumbo yalitupwa nyuma ya nyumba, kuku wa jirani wakaja kuchokora. Tenga lilirudi shambani likiwa na mavi ya soko zima. Siku hizo vijana wa chama walisimama langoni mwa soko kuangalia kama una kadi ya chama. Kadi waliiangalia mbele na nyuma. Kuku walipita.

Mtu wa kwanza niliyemwona akisimamisha kuku langoni alikuwa Mama Sabina.

Alikaa upande wa Turbo, ndani kidogo kutoka barabara ya Webuye. Alikuwa Mjaluo, mrefu, mkavu, na mume wake alifanya kazi kiwanda cha nguo hapa mjini. Yeye mwenyewe alikuwa amesafisha wodi za hospitali miaka mingi kabla mgongo haujamkataza, na alipoanza kufuga kuku wa kienyeji aliwafuga kama wagonjwa wa wodi. Uzio wa mabanzi. Lango moja. Mbele ya lango, karai la maji yenye dawa inayonuka mpaka machozi, na pembeni gambuti, viatu virefu vya mpira, jozi mbili za wageni, moja ya mguu mkubwa na moja ya mdogo. Chanjo hakuwa nayo. Siku hizo ilikuja kwa chupa kubwa za mashamba makubwa, na ilitaka friji, na yeye alikuwa na mtungi. Kwa hivyo alikuwa na karai, gambuti na sheria. Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba kuku akitoka langoni harudi, hata kama ni wa nani.

Siku ya kwanza nilicheka. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vizuri na sikutaka kuvivua.

"Mama Ciku," akaniambia, "ukitaka kuku, vaa gambuti. Ukitaka kucheka, barabara iko pale."

Nilivaa. Na nilinunua, kwa sababu kuku wake walikuwa wazito na walikuwa hai. Mnajua maana ya kuku aliye hai wakati wa kiangazi, wakati wengine wote wanauza maiti zinazotembea? Nilikuwa peke yangu soko zima niliyeweza kumwambia mteja huyu kuku atafika Jumapili. Niliendelea kununua kwake miaka mingi, tukibishana bei kila wiki mpaka mate yanakauka, na mara nyingi alinishinda.

Shida ilikuwa miguu. Kuku wa Mama Sabina walikuwa wasafi, na wateja wangu walikuwa na ile imani yao. Wakawaita kuku wa wodi. Nikajaribu kueleza, nikachoka, nikatafuta njia fupi. Nyuma ya soko kulikuwa na mtaro ambapo tulimwaga maji ya kuoshea matenga. Kila asubuhi nilichukua kuku wake mmoja mmoja, nikachovya miguu katika matope yale, nikakausha kidogo juani. Mteja akigeuza, anaona vidole vina udongo, anatabasamu. "Sasa huyu ndiye kuku, Mama." Na mimi nilisema ndiyo, huyu hata jana alikuwa juu ya mti. Sikuona hatari yoyote. Kuku wale walikuwa wanaenda kwa sufuria.

Basi ikaja harambee ya shule moja ya upande wa Kapsoya. Mgeni wa heshima alikuwa mkubwa kidogo, na kamati ilitaka kuku thelathini wa kienyeji, wakiwa hai, wa kuchinjwa pale pale shuleni na akina mama. Ilikuwa katikati ya kiangazi na upepo ulikuwa umeshaanza upande wa Timboroa. Nikaenda kwa Mama Sabina, nikachukua wote thelathini, nikalipa, nikaleta sokoni, nikachovya miguu sitini kwenye mtaro. Niliihesabu.

Wanakamati walikuja siku mbili kabla ya sherehe, wakiongozwa na Bwana Kosgei, mwalimu mstaafu aliyekuwa na tabia ya kusahihisha kila kitu. Aliangalia miguu, akaridhika. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mteja aliyekuwa amelifanya: aliwafungua kamba mmoja mmoja na kuwaweka chini aone kama watakimbia. Kumi na wanane walikimbia. Kumi na wawili walisimama hapo hapo wakimwangalia mkononi, kama ana mahindi. Mama Sabina alikuwa anawalisha kwa mkono.

"Kuku wa kienyeji anakimbia mtu," Bwana Kosgei akasema. "Hawa wamesoma."

Kamati ikacheka, na hao kumi na wawili wakakataliwa. Nikakimbia huku na huku nikapata wengine wa kujazia, wenye tabia mbaya ya kutosha. Wale kumi na wawili wakabaki na mimi. Nikawaweka kwenye tenga, na kwa kuwa sikuwa na nafasi, tenga lenyewe nililibandika juu ya la mwenzangu lenye kuku kutoka Timboroa, waliokuwa wamejikunyata, manyoya yamesimama. Walikaa hapo siku mbili. Hawakununuliwa. Walikuwa wanakula mahindi yangu na kuniangalia mkononi.

Siku ya tatu nikaamua kuwarudisha.

Nilijua sheria. Kwa hivyo nilipitia bombani asubuhi, kabla soko halijajaa, na nikawaosha miguu. Nilitumia sabuni ya kipande na brashi ya viatu. Nilisugua katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka magamba yakang'aa manjano. Mama Kerubo alikuwa anapita na kikapu chake. Akasimama akaniangalia, akauliza kama napeleka hao kuku kubatizwa. Nikamwambia kitu cha kuchekesha. Sikumbuki ni nini. Nakumbuka tulicheka.

Mama Sabina hakutaka kuwapokea, na alisimama langoni na mikono kiunoni. Nikamwambia hawakufika sokoni. Nikasema walikaa kwangu nyumbani, jikoni, peke yao, harambee ilipunguza idadi na sikuwa na pa kuwaweka. Akamtoa mmoja, akamgeuza, akanusa miguu.

"Ananuka sabuni."

"Si wewe unapenda usafi?"

Akacheka. Mama Sabina hakuwa mtu wa kucheka, na kucheka kwake kulinipa nguvu ya kuendelea. Lakini hakuniachia hapo.

"Niangalie, Mama Ciku. Hawajafika sokoni?"

"Hawajafika."

Sasa nitawaambia kwa nini alikubali, kwa sababu hakuwa mjinga. Alikuwa amewatangazia akina mama kumi na mmoja wa kanisa lake kwamba Jumapili ya pili waje waone anavyofuga. Watu wale walikuwa wanapoteza kuku wao kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka, na walikuwa wameanza kuuliza kwa nini kwake hakuna anayekufa. Wawili walikuwa wameshakata mabanzi. Alikuwa amewangoja kwa muda mrefu. Na nilikuwa nimemwondolea kuku thelathini kwa mara moja, uwanja ukaonekana mtupu. Alitaka wageni wakute umejaa.

Hata hivyo alisema atawaweka kando kwanza, kwenye jiko la zamani, wiki moja, halafu ndio wachanganyike. Hapo ndipo mngenikomesha kama mngekuwepo. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kweli, msifikiri niliigiza, maana mtu anayedanganya huumia sana asipoaminiwa. Nikamwuliza kama anawatenga kama wagonjwa, kama miaka yote hiyo nimewahi kumdanganya hata siku moja. Na ilikuwa kweli, sikuwahi. Bei nilimbishia, lakini uongo sikumpa mpaka siku ile.

Akafikiri kidogo. "Basi ni neno lako," akasema, akafungua lango, akawaachilia katikati ya wenzao. Niliwahesabu wakiingia. Walikuwa kumi na wawili. Nikavaa gambuti za wageni, nikapita kwenye karai, nikasimama ndani ya uwanja nikawaangalia wakila.

Wiki iliyofuata nilikuja siku yangu ya kawaida nikamkuta nje ya lango na jembe. Alininyooshea mkono nisikaribie. Alikuwa amechimba shimo refu kando ya mahindi na alikuwa analifunika sehemu. Nikatazama kati ya mabanzi. Waliobaki wamesimama walikuwa wachache, shingo zimepinda, mmoja anazunguka duara kama saa iliyoharibika. Wengine walikuwa chini, wamelala jinsi walivyoanguka.

Mtu mwingine angelia, au angesema ukweli. Mimi nilihesabu waliosimama. Walikuwa ishirini na watatu.

"Hawa bado wanatembea," nikamwambia. "Nitawachukua leo hii. Ukingoja kesho hutapata hata mmoja."

"Uwapeleke wapi?"

"Sokoni. Watu hawaulizi."

"Mimi nauliza," akasema Mama Sabina.

Akaingia ndani, akawachinja wote ishirini na watatu, akawatia shimoni juu ya wenzao, akamwaga chokaa. Hakula hata mmoja. Kwa mawazo yangu ya siku ile niliona ni kiburi, nyama nzuri kutupwa hivyo.

Nilidhani mkutano wa akina mama utavunjwa. Haukuvunjwa. Jumapili ile walikuja wote kumi na mmoja, na mimi pia nilikuja, kwa sababu Mama Sabina alikuwa amenialika zamani nieleze mambo ya soko. Tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa, tukiangalia uwanja usio na kuku. Akasimama. Alisema kuku wake wote wamekufa na kosa ni lake. Alikuwa ametafuta, akakumbuka kwamba asubuhi moja alichelewa ibada, akapita ndani ya uwanja haraka na viatu vya kanisa bila kukanyaga karai. Alisema ugonjwa uliingia na viatu vile. Aliwaomba wasitazame maiti, watazame kosa, kwamba karai halikukosa, yeye ndiye aliyekosa. Alivionyesha viatu vyenyewe. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, vimepigwa rangi vizuri.

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema, fupi, na ingetosha. Wale wanawake wangenidharau mimi na wangejenga uzio.

Mama Naliaka, aliyekuwa mkubwa wao na mmoja wa wale waliokata mabanzi, akanigeukia. "Mama Ciku, wewe ndiye unajua pesa iko wapi. Huko mjini, mtu akinunua kuku anauliza kama alikuwa na karai?"

Kila mtu aliniangalia, na Mama Sabina pia. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia shahidi wake.

"Hapana," nikasema. "Wanauliza kama ni wa kienyeji. Yule msafi wanamkataa."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ninaionea aibu kuliko uongo. Wakaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, kama watu waliotuliwa mzigo. Mmoja akasema basi afadhali kuku wafe bure kuliko wafe kwa gharama ya dawa. Mama Naliaka akasema mabanzi yake atajengea choo. Wakanywa chai, wakaenda.

Mama Sabina alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jinsi wanavyofanya watu wa kwao wakikuheshimu.

"Nisamehe, mama. Nimekuharibia soko yako kwa ajili ya viatu."

Nikamwambia asijali. Nikamwambia ni upepo.

Hakufuga tena. Mume wake alipomaliza kazi kiwandani walirudi kwao upande wa ziwa, na nilisikia wameshaondoka siku nne baada ya kuondoka. Kabla ya hapo nilikuwa na kiangazi kizima na masika mazima ya kumwambia. Nilikuwa napita pale kila wiki nikienda kutafuta kuku kwingine, nakata kona kabla ya lango lake.

Mkiniuliza ujanja, ndio huu: osheni matenga, kwa maji ya moto, kila siku. Msirudishe shambani kuku aliyeona soko. Mteja akitaka matope, mwacheni aende akanunue matope. Nimewahi kuyasema haya mbele yenu na mkanisifu kuwa mama wa usafi, na sikuwarekebisha.

Kiangazi kilichofuata upepo ulipita upande wa Turbo, ukaingia kwa wale kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Habari ilinifikia kwanza kabla ya wanunuzi wengine, maana walinijua. Nilienda na matenga yangu, nikazunguka nyumba zote kumi na moja kwa siku mbili, nikachukua kila kuku aliyekuwa bado anasimama, kwa bei ya mtu asiye na pa kwenda. Kwa Mama Naliaka nilichukua kumi na tisa. Choo cha mabanzi kilikuwa kimekamilika, kizuri, na kuku wake watatu walikuwa wamefia mlangoni pake.

Alinifungia viazi kwenye leso, vya watoto wangu.

"Asante kutukumbuka, Mama Ciku," akaniambia. "Wengine wangetuacha na hasara yetu."

Nikamwambia hakuna shida, nikabeba na viazi.